Mstari Uliokosa Duara

Darasa liliponyamaza ghafla, nilijua mstari wangu haujaligusa duara. Chaki ikaniponyoka. Kidole gumba kilibaki ubaoni, pale nilipodhani ukingo upo.

Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu hapa Karungu, na tangu Januari nachora kwa kupapasa. Sijamwambia mtu kwamba macho yangu yameingia giza.

Nyuma ya darasa, kalamu ya mkaguzi wa shule aliyekuja kunitazama nikifundisha ilianza kukwaruza karatasi.

"Mwalimu," Truphena akasema kutoka dawati la mbele, "hiyo ndio ile makosa ulisema utatutegea?"

Sikuwahi kusema hivyo.

"Ndiyo hiyo," nikajibu.

Mkaguzi akacheka, akaja mbele, akaokota chaki. "Safi sana, mwalimu. Sasa irekebishe mwenyewe. Chaki hii hapa."

Nikanyoosha mkono, nikashika hewa.