Vichwa Kumi na Viwili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto ishirini na wanne wa darasa la saba walikuwa wakivua masweta nyuma ya banda la kupokelea parachichi. Ukungu ulikuwa bado umelala barabarani. Kumi na wawili walivua masweta ya kijani, kumi na wawili ya rangi ya damu ya mzee, kisha wakabadilishana, meno yakigongana kwa baridi.

Katikati yao alisimama Mwalimu Venance, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Kinyala, na karatasi ya majina mkononi.

"Wewe, kuanzia sasa ni Tusajigwe. Unaitwa nani?"

"Tusajigwe," alijibu msichana mgeni, akitafuna mfuniko wa kalamu.

Tusajigwe mwenyewe alikuwa pembeni, amepotelea ndani ya sweta lililompwaya. "Na mimi, mwalimu, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mtu wa Msasani. Ukae, uandike chochote, urudi nyumbani."

Kwa miaka mitatu mfululizo, shule ya Venance ilikuwa imeshika mkia kwenye moko, ule mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mwaka jana walimu wakuu wenzake walimkabidhi kinyago cha mtu aliyeshika tama, wakamwambia akiweke mezani hadi atakapopatikana mwingine wa kukirithi. Walipiga makofi kwa furaha isiyofichika. Tangu hapo, mzazi akiingia ofisini hukitazama kwanza kinyago, ndipo humtazama Venance, kama anayelinganisha sura.

Mwalimu wa hisabati, Doreen, alikuwa na tiba yake. Kila siku baada ya masomo alibaki na wale kumi na wawili wa mwisho darasani, tangu Januari, mvua inyeshe isinyeshe. Siku moja alikwenda kutoa taarifa.

"Mwalimu mkuu, wale watoto siku hizi wanajua sehemu."

"Sehemu gani? Jikoni?"

Venance alikifurahia kichekesho chake kiasi kwamba alikwenda kumsimulia na mlinzi. Hakuuliza zaidi.

Yeye alikuwa na tiba ya haraka. Alimfuata Mwalimu Winfrida, waliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa aliongoza shule moja ya Msasani, humo humo wilayani. Shule hiyo ilikuwa imezoea kuwa ya kwanza kiasi kwamba Winfrida alikuwa akiinuka kwenda kupokea kikombe kabla jina halijatajwa. Venance alimwomba vichwa kumi na viwili, waje kukaa kwenye namba za watoto wake wale wa mwisho.

Alitegemea kufukuzwa. Winfrida alifikiri kwa muda usiotosha hata kukoroga chai.

"Nitakupa. Ila viti vyangu visibaki wazi, msimamizi atauliza. Niletee hao wako wajaze."

Dhamiri ya Venance, ambayo haikuzoea kusumbuliwa, ilishtuka kidogo. "Lakini watakuangusha, dada."

"Shule yangu haiangushwi na watoto kumi na wawili."

Akawataja wanafunzi wake hapo hapo, jina kwa jina, bila kufungua daftari. Venance alitoka machozi yakimlenga. Kumbe katika kazi hii bado kuna watu wenye moyo!

Siku ya mtihani mambo yalikwenda bila kikwazo. Wasimamizi walitoka shule nyingine, hawakumjua mtoto yeyote kwa sura. Waliangalia namba tu. Doreen naye alikuwa amepangiwa kusimamia mbali, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuuliza maswali. Venance alizunguka madirishani akichungulia vichwa vyake. Waliandika taratibu mno. Watu wenye akili hawana haraka, alijiambia. Mmoja alilalia karatasi akikoroma. Huyo amemaliza mapema.

Jioni alimwita fundi aje kupima ukuta kwa ajili ya kabati la kikombe.

Wiki tatu baadaye walimu wakuu waliitwa kusomewa matokeo. Ya kwanza ilikuwa shule ya Winfrida, ambaye tayari alikuwa amesimama. Ya pili, ya tatu, ya kumi. Venance alikuwa amevaa suti aliyofungia ndoa, akitabasamu kila lilipotajwa jina lisilo la shule yake. Ilipofika ya ishirini, tabasamu likaanza kumuuma mashavu. Shule yake ilitajwa mwisho kabisa, na ukumbi ukapiga makofi kwa mazoea.

Alinyakua orodha ya matokeo. Wengine wote walikuwa wamepanda kidogo kuliko mwaka jana. Waliomzamisha ni kumi na wawili, wamejipanga chini kabisa. Tusajigwe, hisabati: mbili kwa hamsini.

Alimkuta Winfrida nje, akifuta kikombe kwa upindo wa kitenge.

"Umenimaliza! Nilikuomba vichwa, mbona vimeniletea mbili kwa hamsini?"

Winfrida alitazama kulia na kushoto, akamvuta kando.

"Vichwa gani, Venance? Ule ulikuwa mkia wangu. Kila mwaka nahangaika pa kuuficha siku ya moko, safari hii ukaja mwenyewe kuuomba." Kisha akashusha sauti, akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Mimi nilidhani tunabadilishana mikia. Sasa kwenye kumi bora ya shule yangu, saba ni wako. Mwenzangu, ulikuwa na moyo gani wa kunigawia watoto kama wale?"