Mpiga Mbiu wa Weidenfurt

"Mwaka 1682," alijibu Okullo, "maji yalipita kizingiti cha juu cha duka la mwokaji mikate. Alama ya kimo chake ikachongwa ukutani. Kuna ng'ombe alikutwa ghorofani, mzima wa afya."

Alisema kwa Kijerumani, amesimama kikakamavu mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Ndani ya simu, wazee watatu wa Kamati ya Urithi ya Weidenfurt walitazamana. Mmoja akachukua kalamu, akaandika habari za ng'ombe.

Nyuma ya pazia Concy, mkewe, alisikiliza roho mkononi.

Okullo alistaafu polisi na cheo cha sajini, baada ya miaka ishirini na minane ya kuita gwaride. Tangu hapo sauti yake haikuwa na kazi. Kwaya ya kanisa la Kisugu, mtaani kwake Kampala, ilimwomba, kwa upole, asimame safu ya nyuma. Kisha, kwa upole zaidi, ikamwomba aimbe nyumbani. Lakini alikuwa amemwahidi Mungu kwamba hatastaafu akili. Miaka mitatu alihudhuria darasa la jioni kule Nakawa, akijifunza Kijerumani pamoja na vijana waliomwita babu.

Mwalimu wake, Annick, ndiye aliyemwonyesha tangazo. Weidenfurt, mji mdogo kando ya mto, ulitafuta mpiga mbiu. Tangu mafuriko yale, kila asubuhi mtu mmoja hutangaza kutoka mnarani kimo cha mto, kisha huwaombea wote wanaoishi karibu na maji. Kwa desturi haonekani. Husimama nyuma ya dirisha lenye pazia, na mji mzima humsikia. Wa mwisho alikuwa amefariki. Miongoni mwa vijana wa pale, waliojua kusali hawakuwa na sauti, na wenye sauti hawakujua kusali.

"Baba Aol, hiyo mji iko na watu wangapi?" Concy aliwahi kuuliza.

"Elfu mbili na mia tatu."

"Na wote wamekosa mdomo?"

Okullo hakucheka. Miezi tisa alisoma historia ya mji ule kama mtu anayesomea upadri. Aliiga kanda za marehemu mpiga mbiu hadi akaweza kukohoa kama yeye. Kila alfajiri aliwaombea wenyeji mtaa kwa mtaa, na mitaa yao aliijua kuliko ya Kisugu. Kwa malipo aliomba jambo moja tu: siku moja aweke kiganja chake juu ya ile alama ukutani, amshukuru Mungu kwa waliookoka.

"Swali la mwisho," alisema mwenyekiti wa kamati. "Mna jogoo hapo nyumbani?"

"Wawili."

"Ingekuwa vyema wasiwepo."

"Wataondoka, bwana."

"Na umeme? Hukatika?"

Okullo hakuzoea uongo. "Hukatika. Lakini hurudi."

Wazee walinong'onezana. Okullo aliona wanayahurumia maisha yake, akatamani kuwatuliza.

"Bwana Okullo," mwenyekiti alisema hatimaye, "kazi ni yako. Unachohitaji utakipokea kwa posta."

Concy alitoka nyuma ya pazia akipiga vigelegele, kisha akaketi ghafla kitandani. "Uhamisho wako wa Moroto ulinikuta na mimba," alisema. "Sasa huu unanikuta na magoti."

"Nitakutumia picha. Utaona mkono wangu juu ya ukuta."

"Tuma. Lakini ukipata mzungu wa kukupikia, kumbuka nani alikula posho ya kambi na wewe."

Siku ya safari Okullo hakuiuliza. Askari akiambiwa amehamishwa haulizi gari, anafunga mizigo. Aliteremsha sanduku la bati lenye namba yake ya kikosi, akapanga ndani Biblia, picha ya Concy, na sweta mbili nzito za mtumba kutoka soko la Nakivubo. Jumamosi Concy akachinja majogoo wote wawili, kanisa zima likaja kula. Mchungaji alimwekea mikono kichwani, akamwombea njia ya anga na ya nchi kavu. Kiongozi wa kwaya alilia kuliko wote, akamvalisha koti refu la sufu lililochangiwa na waimbaji.

Kifurushi kilifika Jumatatu, kikubwa kuliko tiketi. Majirani walijaa mlangoni. Concy alikikata kwa kisu cha jikoni, akatoa maikrofoni, betri nzito, mabunda ya sponji nyeusi, na barua.

"Soma kwa sauti, Sajini," alisema. "Ndege ni lini?"

Okullo, ndani ya koti lake, jasho likimtiririka, alianza kutafsiri neno kwa neno, kwa sauti iliyozidi kushuka:

"Mpendwa Bwana Okullo. Spika ya mnarani tumeijaribu kwa sauti tuliyoirekodi siku ya usaili. Ilisikika hadi ng'ambo ya daraja, na wenyeji wamelia kwa furaha kwamba kazi imebaki kwa mtu wa damu yetu. Sponji bandika kwenye kuta za chumba chako cha kulala, zizuie kelele za mtaa. Kimo cha mto tutakutumia kwa simu kila asubuhi, nawe utakitangaza kutoka hapo. Tuna sharti moja tu, ili urithi wetu ubaki halisi: Weidenfurt usije kamwe."