Rimoti ya Pili

Mke wa mwalimu wa kwaya alisimama mlangoni mwa jiko, nyuma ya kiti cha mumewe, akaielekeza rimoti kwenye kabati la vioo vyeusi lenye redio. Akabonyeza mara mbili. Kwaya ilikuwa ikinong'ona tu.

Mume hakugeuka. Angejuaje? Redio mpya ilikuja na rimoti mbili, na ya pili mke aliificha mfukoni mwa aproni tangu siku ya kwanza. Alichoshwa na kwaya ya kila jioni, na kusema ni kutafuta ugomvi. Basi akawa anapunguza sauti kidogo kidogo, mwezi wa tatu sasa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yeye alikimwaga vivyo hivyo.

Lakini raha ile ilikuwa imetumbukia nyongo. Mume alianza kusema kwa kelele. Hata chumvi aliiomba kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Si ndivyo wanavyosema viziwi? Na jirani aliyekuja juzi kulalamikia kelele za redio, mke alimwona mzushi.

Jumamosi asubuhi mume aliweka kadi mezani. Ilikuwa ya miadi kwa daktari wa masikio, saa nne.

Mwalimu wa kwaya akiamini hasikii, si ataacha kwaya? Na kwaya ndiyo roho yake. Mke aliona aibu, akajichukia. Akaitoa rimoti, akaiweka juu ya kadi.

"Baba watoto, nisamehe. Masikio yako hayana neno. Ni mimi niliyekuwa napunguza redio. Kila jioni, hata jana."

Mume aliitazama rimoti. Hakukasirika. Akamshika mkono, akampeleka kabatini, akafungua kioo. Ndani ilikaa mashine yao kuukuu, ile ya kuzungusha sauti kwa mkono.

"Ile mpya ilinishinda, sauti inaruka badala ya kupanda taratibu," alisema, mdomo karibu ugusane na sikio la mkewe. "Niliirudisha dukani haijamaliza mwezi. Hii haijui rimoti, mama watoto. Na kadi ile ni yako."