Seli Zenye Sura ya Tumbo

"Mama, una hakika hukuwahi kuugua saratani ya tumbo?" Daktari Hirabayashi aliuliza kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Hata ukiuliza mara kumi, mwanangu, tumbo langu ni lile lile," Sumie alijibu. "Vilikuwa vidonda tu. Miaka saba sasa. Walikata nusu, wakatupa."

Pembeni yake, kwenye kiti cha magurudumu, mumewe Tokuji alianza kugonga kiti kwa ngumi ya kushoto, ile aliyoachiwa na kiharusi. Kusema hasemi, kuandika haandiki, na hata kutikisa kichwa, ndiyo na hapana huzichanganya.

"Ana njaa huyu," Sumie alisema, akimfuta mate kwa leso ya maua ya plamu. "Tulia, mzee wangu. Nyumbani kuna mboga nilizotia chumvi mwenyewe."

Daktari aligeuza picha mezani. Uvimbe ulikuwa kwenye shingo ya kizazi, lakini seli zake, chini ya hadubini, zilifanana na za tumbo. Kirusi ambacho kwa kawaida huleta saratani ya hapo hakikuonekana.

"Kuna aina adimu inayozaliwa hapo hapo ikiwa na sura hii. Hiyo tunaikata Jumatatu, tunatoa kizazi chote, na unaweza kupona. Lakini kama imesafiri kutoka tumboni, kukukata ni kukutesa bure na kukupunguzia siku. Tumepitisha kamera, tumbo lililobaki ni safi. Hospitali iliyokupasua ilifungwa, na mafaili yalishachomwa. Limebaki neno lako."

"Basi andika vidonda. Mzee wangu aliniambia kwa mdomo wake, na huyu hajui kudanganya hata kwenye karata."

Ngumi iligonga kwa kasi. Machozi yakamtiririka Tokuji mpaka kwenye kola.

"Usilie bwana. Aina adimu, umesikia? Mkeo hakuwa wa kawaida tangu zamani."

Daktari aliandika: imezaliwa hapo hapo, upasuaji Jumatatu. Sumie akamshukuru, akafungua breki za kiti, akaanza kumsukuma mumewe kuelekea mlangoni. Ngumi bado inagonga.

Miaka saba nyuma, mwaka 1991, daktari wa ile hospitali iliyofungwa alimwita Tokuji ofisini peke yake, kwani desturi ilikuwa kumwambia jamaa badala ya mgonjwa, akamwambia mkewe ana saratani ya tumbo. Tokuji akainama mpaka paji la uso likagusa meza, akimsihi daktari kwamba mkewe aambiwe ni vidonda.