Nani Kasema Lou Tou

"Lou tou."

Bi Yiu Suk-han alikuwa juu ya ngazi, amewapa mgongo wateja wawili, mama na binti yake, neno hilo lilipomfikia. Katika Mtaa wa Shanghai hakuna linalomchoma fundi wa mavazi ya harusi kama hilo. Maana yake cha kizamani, cha kishamba, kimepitwa na wakati.

Akashuka na sanduku alilolifuata juu. Ndani mlikuwa na vazi jekundu la bibi harusi, lenye joka na ndege wa nyuzi za dhahabu, kazi ya mikono yake ya miezi kumi na mmoja. Liliagizwa kwa simu na vipimo vikatumwa: kiuno inchi thelathini na sita. Sasa alimtazama yule msichana, Kei-yan, mwembamba kama ufito, akaona vijana wa siku hizi hata kujipima hawajui.

"Umesemaje?"

"Shangazi, si mimi..."

"Nyamaza. Macho yangu yameishia kwenye nguo hii. Halafu unakuja na suruali imechanika magoti, unaniambia lou tou?"

Kei-yan akamgeukia mama yake. Mama, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, alikuwa akivitazama viatu vyake.

"Usimwangalie mama yako. Kakuzaa, kakulea, anataka siku ya harusi uvae kama mtu, nawe unamwaibisha dukani. Huyo mwanamume atakayekuoa ana kazi kweli."

Masikio ya msichana yaliiva. Machozi yakamlenga. Bi Yiu hakuona huruma hata chembe. Akakibamiza kifuniko cha sanduku.

"Siuzi tena. Nenda kaolewe na gunia."

"Mwache mwanangu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini Bi Yiu alirudi hatua nyuma. "Yeye ndiye aliyeliagiza. Wiki nzima ananibembeleza nilivae. Lou tou nimesema mimi. La namna hii hii walinivika siku waliyoniozesha kwa baba yake, wala hakuna aliyeniuliza."

Akanyoosha kidole kuelekea magauni yaliyotundikwa dirishani.

"Jumamosi naolewa na mtu niliyemchagua mwenyewe. Niteremshie lile jeupe. Lile fupi."