Mwanya wa Paa

Popo walipotoka jioni kuwinda mbu, fundi aliuziba mwanya wa paa kwa ubao, misumari chapchap, kabla hawajarudi. Dada yake, aliyejifungua juzi tu, alikuwa ameapa: "Kaka, leo ama zangu ama zao!"

Fundi hajashuka ngazi, popo mmoja akarudi na kujibamiza ubaoni. Akang'ang'ania hapo, kucha za mabawa zikiukwaruza. Kwa ndani, vilio vyembamba vikamwitikia.

Fundi akageuza nyundo upande wa kung'olea misumari. Ngazi ikayumba.

"Mbona hushuki?" dada aliuliza kutoka chini, mtoto begani.

"Wameacha watoto humu."

Popo wa pili akatua, kisha wa tatu.

Ghafla ngazi ikatulia. Dada alikuwa ameikamata kwa mkono wake uliobaki.