Ng'ombe Sita, Ubavu wa Kushoto

Ng'ombe wa tatu alikuwa bado hajakauka.

"Msimguse," alisema mpiga picha. "Hilo doa la ubavuni ni uji wa sembe. Likipasuka tunaanza upya."

Mama Yona alirudi nyuma na bakuli lake la masizi. Nyumba yao ilikuwa juu, kwenye mteremko wa Meru, katikati ya kahawa na migomba, na bandani mlikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, mpole. Kabla ya Jumamosi alitakiwa awe ng'ombe sita.

Kosa lilikuwa la mshenga, mzee Ephraimu. Kazi ya mshenga ni kusifu, naye alipokwenda Ngaramtoni kumposea Yona huyo Lilian wake, alisifu mpaka yule ng'ombe mmoja akazaa watano palepale sebuleni kwa watu. Mzee Aminieli, baba wa binti, alimsikiliza vizuri, akamaliza chai yake, akasema, "Sawa. Nitumieni picha za hao sita. Kila mmoja peke yake, ubavu wa kushoto, umbali uleule. Nikiridhika, mje Jumamosi. Nisiporidhika, msisumbuke kupanda gari."

Kuazima ng'ombe kwa majirani ilikuwa sawa na kutangaza kanisani. Ndipo Yona akasema yupo dada mmoja ana studio Kaloleni, anazijua hizo picha za kufanana. Akamleta asubuhi hiyo kwa bodaboda.

Na kweli alizijua. Wakati uji unakauka, alimwonyesha Mama Yona simu yake: chupa za chai arobaini, kutoka nyumba arobaini, kila moja mezani, kila moja katikati ya picha.

"Binti, mji mzima huu hukuona kitu kingine cha kupiga?"

"Angalia vizuri, mama. Kuna mbili zinazofanana?"

Mama Yona akaangalia. Hii kifuniko kimefungwa kwa uzi. Hii imevalishwa kitambaa cha kufuma kama mtoto wa ubatizo. Hii waridi lake limefutika pale mkono unaposhika. Akajikuta anacheka, anataka kuona nyingine.

"Unaona? Vitu ukivipiga kwa namna moja, jicho linaacha kutazama kinachofanana. Linawinda tofauti tu. Basi mzee tumpe tofauti."

Wakampa. Wa kwanza alikuwa ameshapigwa vilevile alivyozaliwa. Wa pili alikuwa amevalishwa soksi za majivu. Wa tatu alipokauka na kupigwa, Yona alimwosha kwa ndoo mbili, na wa nne akapata dawa nyeusi ya viatu mabegani. Yona akaing'arisha kwa brashi mpaka mama yake akamwuliza kama ng'ombe anakwenda kupata kipaimara. Kila mara mpiga picha alirudi hatua zake saba, akapiga goti palepale.

"Kichwa kiwe ndani ya hori, anakula," alisema. "Kila picha. Yule mzee rangi haitazami sana. Anatazama pembe."

"Umejuaje?"

"Aa, wazee wa Ngaramtoni wote ndivyo walivyo," alijibu upesi, akamgeukia ng'ombe.

Mama Yona alikoroga masizi na mafuta. "Na huyo Lilian, unamfahamu?"

"Kidogo."

"Yukoje?"

"Mkaidi. Akitaka kitu hakiachi."

"Eh! Ndiyo nilichoogopa." Akashusha sauti, ingawa Yona alikuwa hapohapo. "Mimi sijamtia machoni, lakini nakwambia ukweli. Mwanangu angepata mtu kama wewe, mwenye akili, saa hizi tusingekuwa tunampaka ng'ombe uji. Siyo hao wa kudai picha."

Yona alipaliwa na mate, akainama kuokota brashi ambayo haikuwa imeanguka.

Wingu liliteremka kutoka mlimani wakati wa ng'ombe wa tano. Matone yakaanza, na doa la kiunoni likashuka mpaka gotini.

"Anayeyuka!" Mama Yona alipiga kelele, akafungua mwavuli.

"Juu yake, mama! Siyo juu yako!"

Alisimama nje ya picha, mkono umenyooshwa, mvua inamwingia shingoni, ng'ombe anakula kama yuko harusini. Wa tano akapatikana. Wa sita hawakumpaka kitu. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka wekundu wote ukageuka rangi ya kahawa iliyokaangwa, na Mama Yona aliapa kwamba huyo naye hajawahi kumwona.

Mpiga picha hakutaka malipo. Alichukua chane moja ya ndizi, akaaga.

Jumamosi, sebuleni kwa mzee Aminieli, picha sita zilizosafishwa zilikuwa zimepangwa mezani kwa mstari. Mzee alivaa miwani, akazipitia kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kutoka kulia kurudi kushoto. Mama Yona alikaa na kikombe mkononi bila kukinywea. Yona alitazama dari.

"Wamenona," mzee alisema mwishowe. "Basi, mahari hailipwi siku moja. Mmoja atangulie, wengine watafuata taratibu."

"Yule mwekundu," Mama Yona aliwahi kusema.

"Yule mwekundu. Lakini kwetu hatuli mahari ya watu kabla binti hajasema mwenyewe kama wageni anawajua." Akageukia mlango wa chumbani. "Lilian!"

Mpiga picha akatoka amejitanda kitenge kipya, akapiga magoti mbele ya Mama Yona.

"Shikamoo, mama," alisema, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.